Usijaze Kopo Hadi Ukingoni
Shauri kwa wanaonasa sauti nyumbani na kwa wanaosema redioni



Miaka kadhaa iliyopita tulimwendea mzee mmoja wa mtaa wetu, ambaye alikuwa amekwisha kupita miaka 80. Tulitaka kupata habari za ukoo wake: walikotoka, mito waliyoivuka, na majina ya wakubwa waliowaongoza. Tuliona kwamba kalamu peke yake haitoshi, maana mzee alipokuwa akisimulia, sauti yake ilikuwa nusu ya habari yenyewe. Kwa hiyo tuliazima mashine ndogo ya kunasa sauti pamoja na mikrofoni yake, ile ambayo wengi wetu huiita mikro, tukaiweka mezani mbele yake.

Mzee aliitazama, akacheka, akauliza: «Wajukuu zangu, kidude hiki kitanisikia kweli?»

Tukamjibu: «Kitakusikia, Babu. Sema tu kama kawaida yako.»

Akatusalimu kwa sauti ya chini. Nasi tukazungusha kifundo cha mashine mpaka salamu hiyo ya chini ikaviwasha vijitaa vya kipimo karibu na alama nyekundu. Tukafurahi, tukidhani kwamba kazi imekwisha.

Mzee akasimulia muda wa saa nzima. Alipofika kwenye majina ya wazee wa kale, hakuyasema kwa sauti ya mazungumzo. Aliinuka kitini, akayaita moja moja kwa sauti kubwa, kama mtu anayewaita wenzake walio ng'ambo ya mto. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake kuyataja. Sisi tulimtazama yeye. Hapana hata mmoja wetu aliyevitazama vijitaa.

Jioni tulisikiliza. Salamu zilisikika vema, na masimulizi ya safari pia. Lakini penye majina palikuwa na mparazo tu, kama mahindi yanayopasuka motoni. Silabi zilikuwa zimesagika pamoja. Tukasema: «Si neno, tutarudi kwake.» Kabla hatujarudi, mzee alifariki.

Habari hiyo ndiyo iliyotusukuma kuandika makala haya. Siku hizi vijana wengi wananasa sauti nyumbani kwa kompyuta au kwa simu ya mkononi: nyimbo, masimulizi ya wazee, masomo kwa wanafunzi. Wengine wanajifunza kusema na nchi za mbali kwa redio ya ridhaa. Wote hao wanacho kifundo kimoja kinachoweza kuitengeneza kazi yao au kuiharibu. Inafaa wakijue vizuri.

KIFUNDO HICHO HUFANYA KAZI GANI?

Mtu asemapo, sauti yake huitikisa hewa. Ndani ya mikrofoni mna utando mwembamba unaotikiswa na hewa hiyo. Katika mikrofoni ya aina ya dainamiki, utando umeshikamana na koili ndogo ya waya iliyo kati ya sumaku. Koili ikitikisika, umeme huzaliwa ndani ya waya. Lakini umeme huo ni mdogo mno. Mtu akisema karibu na mikrofoni kwa sauti ya kawaida, hupatikana kama sehemu moja au mbili za elfu za volti moja. Mashine ya kunasa sauti, kwa upande wake, hutaka umeme wa karibu volti moja nzima. Basi hapana budi umeme ule mdogo ukuzwe, hata mara 1000, kabla ya kuandikwa. Kifundo chenye neno GAIN ndicho kinachoamua utakuzwa mara ngapi.

Neno hilo katika Kifaransa humaanisha pato au faida, nalo huwadanganya wengi. Wanadhani kwamba kadiri wanavyozungusha, ndivyo wanavyopata faida zaidi. Sivyo. Kifundo hakiongezi uzuri wa sauti wala hakimpi msemaji nguvu. Kinakuza kila kinachoingia: maneno, pumzi, jogoo wa jirani, jenereta ya ng'ambo ya barabara, na mvumo wa mashine yenyewe.

Kuna kosa jingine linalowapata wanaoanza. Mtu huvaa hedifoni masikioni, husikia sauti yake ni ndogo, ndipo huongeza kifundo cha mikrofoni. Kumbe ilimpasa kuongeza kifundo cha hedifoni! Hivyo ni vifundo viwili vya kazi mbili. Kimoja huamua kinachoandikwa. Cha pili huamua tu unachosikia. Jicho likiwa kwenye kipimo, sikio halitaweza kukudanganya.

Tena usifuate alama ya kifundo uliyoiona kwa rafiki yako. Mikrofoni zinatofautiana nguvu. Zile za aina ya kondensa hutoa umeme mkubwa zaidi kuliko za dainamiki. Nyingi zazo hudai zipelekewe volti 48 kutoka kwenye mashine ili zifanye kazi. Ziko pia za elektreti, aina iliyobuniwa mwaka 1962 na Gerhard Sessler na James West katika maabara za Bell huko Marekani, ambazo kwa miaka mingi zilitiwa katika simu na mashine ndogo za kunasa sauti. Kifundo kilichowekwa vizuri kwa mikrofoni moja chaweza kuwa kibaya kabisa kwa nyingine. Kila mikrofoni ipimwe upya, na kila msemaji apimwe upya.

HESABU CHACHE ZA KUKUMBUKA

Mafundi huhesabu ukuzaji huo kwa desibeli, neno lililotokana na jina la Alexander Graham Bell. Wanafunzi wetu wasiogope. Inatosha kushika mambo manne. Kuongeza desibeli 6 ni kuukuza umeme karibu mara 2. Kuongeza desibeli 20 ni mara 10. Desibeli 40 ni mara 100, na desibeli 60 ni mara 1000.

Katika mashine za kidijitali kipimo huhesabiwa kuanzia juu kwenda chini. Juu kabisa pameandikwa 0. Chini yake huja −6, −12, −18, na kuendelea. Mgeni huona 0 akadhani kwamba hapo hapana sauti. La! Sifuri hiyo ni dari ya nyumba. Sauti ikifika −6 imefika nusu ya kimo cha dari. Ikifika −12 imefika robo. Ikigonga 0, haina mahali pa kwenda tena.

MAKOSA MAWILI YASIYOLINGANA

Mtu aweza kukosea kwa kukuza mno, au kwa kukuza kidogo mno. Wengi hudhani kwamba makosa hayo ni ndugu wa tumbo moja. Lakini hayalingani hata kidogo.

Tumtazame mama auzaye unga sokoni. Hujaza kopo lake, kisha hupitisha kijiti juu ya ukingo, na kila kilichozidi huanguka. Ndivyo mashine inavyofanya kwa sauti iliyozidi kipimo. Wimbi la sauti hupanda na kushuka kama vilima na mabonde, na umbo la vilima hivyo ndilo linalolitambulisha neno. Kwa umbo hilo sikio hutofautisha «a» na «e», au sauti ya baba na sauti ya mjomba. Wimbi likigonga dari, vilele hukatwa vyote sawasawa, kilima kikawa uwanda.

Katika mashine inayoandika kwa biti 16, namba kubwa kuliko zote inayoweza kuandikwa ni 32767. Sauti ikizidi hapo, mashine huandika 32767, kisha tena 32767, na tena 32767, mpaka wimbi lishuke. Kilima halisi kilikuwa na kimo gani? Hakikuandikwa popote. Zipo programu za kompyuta zinazojaribu kutengeneza vilele vilivyokatwa, nazo husaidia pale vilipokatwa vichache. Lakini zinakisia tu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Je, na aliyekuza kidogo mno? Huyo ana dawa. Akifika nyumbani ataiongeza sauti katika kompyuta. Kwa mfano programu ya Audacity, ambayo hupatikana bila malipo, hufanya kazi hiyo kwa dakika moja. Kweli mvumo wa mashine nao utaongezeka pamoja na maneno, na kama sauti ilikuwa ndogo kupita kiasi, mvumo huo utachosha masikio. Lakini maneno yatakuwapo. Mjukuu ataweza kuyasikia na kuyaandika.

Wengine huogopa kwamba wakiacha nafasi tupu juu, sauti itakuwa hafifu. Tuhesabu pamoja. Biti 16 zina ngazi 65536. Ukiacha nafasi ya desibeli 12 juu ya vilele vyako, unabaki bado na ngazi zaidi ya 16000. Mashine nyingi za leo huandika kwa biti 24, zenye ngazi zaidi ya milioni 16. Basi nafasi unayoiacha si hasara. Ni akiba ya wakati mzee atakapoinuka kitini.

DESTURI YA ZAMANI ILITOKA WAPI?

Huenda msomaji akauliza: «Mbona fundi aliyenifundisha alisema nijaze mpaka kwenye wekundu?» Fundi huyo hakusema uongo, alifuata desturi ya utepe wa sumaku. Mashine ya utepe iliyoitwa Magnetophon ilionyeshwa kwa watu mjini Berlin mwaka 1935, na kwa miaka mingi utepe ukawa chombo kikuu cha kunasia sauti. Utepe una mvumo wake, kama mvua nyembamba inyeshayo mbali. Ili mvumo huo usisikike, ilifaa sauti iandikwe kwa nguvu. Tena utepe ukijaa, haukati mara moja. Huibana sauti polepole, na madhara yake ni madogo mwanzoni.

Hata kipimo cha mshale cha zamani, ambacho wataalamu wa Marekani walikubaliana juu yake mwaka 1939, kilikuwa kizito kwa makusudi. Mshale wake huhitaji karibu milisekunde 300, yaani kama thuluthi ya sekunde, ndipo ufike mahali pake. Vilele vifupi vya sauti hupita kabla haujaamka. Pamoja na utepe mvumilivu, uzito huo haukudhuru sana. Lakini mashine ya kidijitali haina uvumilivu: chini ya dari haikati kitu, juu ya dari hukata kila kitu. Desturi njema ya chombo kimoja yaweza kuwa sumu kwa chombo kingine.

KWANZA MDOMO, KISHA KIFUNDO

Kabla hujakigusa kifundo, tazama mikrofoni iko mbali kiasi gani na mdomo. Umbali ukiongezeka mara mbili, sauti inayofika moja kwa moja kutoka mdomoni hupungua kwa desibeli 6, yaani nusu. Mikrofoni iliyo sentimita 10 kutoka mdomoni ikisogezwa hadi sentimita 20, sauti hupungua nusu. Ikifika sentimita 40, imebaki robo. Ikifika sentimita 80, imebaki sehemu moja katika nane. Lakini mwangwi wa kuta na kelele za barabarani hazipungui. Hizo zimekijaza chumba chote. Kwa hiyo mtu aliyeiweka mikrofoni mwisho wa meza, kisha akazungusha kifundo sana ili asikike, amejinunulia mwangwi na kelele kwa bei ya maneno yake.

Dawa ni rahisi: ulete mkono mmoja, umbali wa kiganja kilichonyoshwa, na usiuache umbali huo ubadilike. Mikrofoni iwekwe pembeni kidogo ya mdomo, isielekee pumzi moja kwa moja, ili herufi «p» na «b» zisiipige kama ngumi. Mapazia, magodoro na nguo zilizotundikwa hupunguza mwangwi wa chumba. Mtu aliyetengeneza mambo hayo atakuta kwamba kifundo chake hakihitaji kwenda mbali.

Mfano mzuri tunao hapa kwetu. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akinasa nyimbo za watu wake, alifika Katanga. Huko Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, alimnasa kijana mmoja mpiga gita aitwaye Mwenda Jean Bosco, ambaye jina lake lilivuma baadaye mpaka Afrika ya Mashariki na Ulaya. Gita moja na sauti ya mtu mmoja. Tracey alikuwa na desturi ya kuishika mikrofoni mkononi mwake na kuisogeza mwenyewe: karibu na chombo kilicho dhaifu, mbali na kilicho na nguvu. Alilinganisha sauti kwa hatua na kwa mkono kabla ya kutegemea kifundo. Mwaka 1954 aliianzisha maktaba ya muziki wa Afrika katika Afrika ya Kusini, na nyimbo alizozinasa zimehifadhiwa humo hata leo.

NAMNA YA KUPIMA

Sasa tueleze kazi yenyewe kwa utaratibu.

Kwanza: zungusha kifundo mpaka chini kabisa kabla ya kuchomeka mikrofoni au kuwasha zile volti 48. Mshindo wa kuchomeka waweza kuumiza masikio na spika.

Pili: mweke msemaji mahali pake, akae kama atakavyokaa hasa. Mtu aliyepimwa akiwa amesimama, kisha akaketi, hakupimwa.

Tatu: usimwambie aseme «moja, mbili, tatu». Hakuna mtu anayehesabu kwa moyo. Mwombe atoe sehemu yenye nguvu kuliko zote katika maneno yake. Msimulizi aite kama atakavyoita. Mwimbaji aimbe kiitikio cha mwisho. Kwaya iimbe ubeti ule ambao sauti zote na ngoma huingia pamoja. Hii ndiyo hatua tuliyoiruka sisi.

Nne: ongeza kifundo polepole mpaka vilele vikubwa vifike kati ya −12 na −6. Maneno ya kawaida yatakuwa chini zaidi, karibu na −20 au −18. Usisikitike, ndivyo inavyofaa.

Tano: ukisha kupata kiasi hicho, punguza kidogo tena. Mtu hupaza sauti zaidi katika kazi yenyewe kuliko katika majaribio, maana moyo wake umepata moto. Kati ya mazungumzo ya kawaida na mwito mkubwa, nguvu yaweza kuongezeka mara 10 au zaidi, nazo ni desibeli 20.

Sita: nasa dakika moja, kisha usikilize kwa hedifoni. Sikiliza maneno, halafu sikiliza kimya kilicho kati ya maneno, ndipo utakapoijua jenereta.

Saba: kazi ikiendelea, mtu mmoja asiwe na kazi nyingine ila kutazama kipimo. Na ikimalizika, sikilizeni penye nguvu zaidi kabla msemaji hajaondoka, au kabla ninyi hamjaondoka kwake. Kumwomba mzee arudie jina moja ni jambo la dakika. Kesho huenda isiwezekane.

Na wenye simu tu? Simu nyingi hujipimia zenyewe: mtu akinyamaza huongeza ukuzaji, akipaza sauti huupunguza. Jambo hilo huokoa kazi mara nyingi, lakini kelele za chumba hupanda na kushuka kati ya maneno kama mtu anayehema. Kama programu ya simu yako inaruhusu kuzima utaratibu huo, uzime na upime mwenyewe. Kama hairuhusu, isogeze simu karibu na mdomo wa mtulivu, na uitenge kidogo na mwenye sauti kubwa. Zipo leo mashine nyingine zenye kuandika kwa namna mpya ya biti 32, ambazo dari yake iko mbali sana. Nazo ni msaada mkubwa. Lakini mikrofoni yenyewe ikizidiwa na sauti, mashine itaandika kwa uaminifu sauti iliyokwisha haribika.

KWA WANAOSEMA REDIONI

Kwa wapenzi wa redio ya ridhaa, jambo hili lina uzito mwingine. Anayenasa sauti nyumbani akikosea, hujidhuru mwenyewe. Anayerusha sauti hewani akikosea, humdhuru jirani.

Wengi wa ndugu hao husema katika masafa mafupi kwa namna iitwayo ukanda mmoja wa pembeni, ambayo huchukua upana wa karibu kilohezi 3 tu. Katika Afrika ukanda wao wa mita 40 unaanzia kilohezi 7000 na kuishia 7200. Katika upana huo wa kilohezi 200 hukutana watu wa mabara mengi: mwenye kibali cha Kongo, ambaye jina lake la redio huanza na 9Q, yule wa Tanzania mwenye 5H, wa Kenya mwenye 5Z, wa Rwanda mwenye 9X, na wengine wengi kutoka Ulaya. Ni kama benchi moja lililokaliwa na watu wengi. Kila mmoja sharti akae pake.

Mtu akizidisha kifundo cha mikrofoni, mtambo wake hupewa umeme kupita uwezo wake, nao hukata vilele kama tulivyokwisha eleza. Lakini mikato hiyo huzaa mawimbi mapya ambayo hayakuwamo katika sauti yake, nayo humwagika kulia na kushoto mpaka kwenye nafasi za wengine. Yeye mwenyewe hasikii neno. Jirani aliye kilohezi chache kutoka kwake husikia mparazo tu, na pengine alikuwa akijaribu kusikia sauti dhaifu iliyotoka mbali.

Kwa hiyo mtambo una kipimo kiitwacho ALC. Zima kwanza kikandamizaji cha sauti. Sema kwa sauti yako ya kawaida, ukiongeza kifundo mpaka mshale wa ALC uanze kutikisika kwenye vilele, ukibaki ndani ya mipaka iliyochorwa, hapo simama. Fanya majaribio kwa kuunganisha mtambo na mzigo bandia badala ya antena, ili usiwasumbue watu. Ukitaka baadaye kutumia kikandamizaji, kitumie kidogo. Maana huinua sauti dhaifu zote, na pamoja na maneno yako hutangaza feni na kuku wa nyumbani.

Katika redio ndogo za mkononi za FM, aliyezidisha kifundo au anayepiga kelele mdomoni mwa mikrofoni haendi mbali zaidi. Mtambo una mpaka wa jinsi wimbi linavyoruhusiwa kupanuka, mara nyingi kilohezi 5 au 2.5 kila upande. Akifika hapo, sauti husagwa. Umbali huletwa na antena iliyo juu, wala si na koo.

Tena ombeni ushuhuda wa kweli. Ni desturi ya wapenzi wa redio kupeana alama: kuanzia 1 hadi 5 kwa kueleweka kwa maneno, na 1 hadi 9 kwa nguvu ya wimbi. Wengi, kwa adabu, humpa kila mtu 59 hata kama wamemsikia kwa taabu. Adabu hiyo haimsaidii mtu. Mwulize mwenzako: «Nikipunguza kifundo, maneno yanasikika vizuri zaidi?» Mara nyingi atajibu kwamba ndiyo.

NENO LA MWISHO

Wasomaji wapendwa, tumerudia mara nyingi kuusikiliza mnaso ule wa mzee. Mpwa wake alikuja, tukausikiliza naye kwa hedifoni, neno kwa neno, siku mbili. Majina aliyoyaita yalikuwa tisa. Kuhesabu tuliweza, kwa sababu kila mara alivuta pumzi kabla ya kuita, na pumzi hizo zimenaswa vizuri sana. Katika majina hayo tisa tuliweza kuyatambua manne. Matano hayajulikani, na katika ukoo wake hatukumpata mwingine aliyeyashika.

Katika mashine ile, tofauti kati ya majina manne na majina tisa ilikuwa kama robo ya mzunguko wa kifundo. Kama kwenu yupo mzee anayesimulia, msichelewe kumwendea. Mkifika, mwombeni kwanza aite kwa nguvu zake zote. Ndipo mkiguse kifundo.